Niliyoyaona Wakati wa Kuosha

Siku yangu ya kwanza kazini, Wakili Mkuu alinipa karatasi ya zamu kutoka makao ya wazee, akaniambia nitafute kosa. Ilikuwa ya kugeuzia: mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, na mhudumu hutia saini. Saini zote zilikuwa zimenyooka, kwa mkono mmoja na kalamu moja, hata siku ambayo mgonjwa alikuwa amelazwa hospitalini.

Nilikuja Guangzhou, China, kuwatafsiria wafanyabiashara wetu wa Afrika Mashariki katika mtaa wa Sanyuanli. Ofisi ile ya mawakili ilinichukua kwa ajili ya lugha, kisha ikanipeleka kwa Mkuu wa Ushahidi, mama aliyewahi kuwa muuguzi. Yeye ndiye aliyenifundisha kidonda cha kulalia, kile kinachochimbika pale mfupa unapobana godoro. Unaweka rula kando yake, unapiga picha, ndipo unaulizia makaratasi. "Picha kabla ya maji," alisema. "Kidonda kikishasafishwa, watakwambia kilikuwa kidogo."

Mzee Khamis wa Unguja, mmoja wa wafanyabiashara wale, alipigwa na kiharusi, akapelekwa kwenye makao ya wazee asubiri nguvu za kusafiri. Alifia humo Ijumaa alfajiri, siku moja kabla ya bintiye, Mwanaidi, kufika. Sisi Waislamu wachache tukafanya haraka kumzika, kama ilivyo ada. Ustadhi Shaame, muuza vitambaa aliyekuwa akiosha maiti wetu, aliniita nimmiminie maji.

Tulipomgeuza ubavu, nikaona. Kwenye kifandugu, mwisho wa uti wa mgongo, palikuwa na shimo la kuingia ngumi, na visigino vilikuwa vyeusi. Ustadhi alivuta shuka. Nikaendelea kumimina. Kabla ya Alasiri tulikuwa tumeshamzika.

Jumatatu Mwanaidi alikuja ofisini kufungua kesi. Mkuu wa Ushahidi aliniomba picha.

"Sina."

"Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Kama nani?"

Makao walileta karatasi zao, nadhifu kabisa. Ushahidi wangu haukuwa na uzito, kwa kuwa nilikuwa mtu wa ofisi ya mlalamikaji. Alibaki Ustadhi tu.

Tulimkuta dukani akikunja kitenge. Mwanaidi alimwamkia, akaeleza, kisha akasema yeye ndiye mwenye maiti na anamruhusu aseme.

"Mwanangu, muosha hasemi," Ustadhi alimjibu. "Nikisimama mbele ya watu kueleza mwili wa babako, kesho nani atanikabidhi wake?"

"Basi niambie mimi tu. Aliumia?"

Alikunja kitambaa kile mara tatu, kikakataa kukaa sawa. "Nitasema mahakamani," alisema mwishowe. "Lakini sitaosha tena."

Alisema. Alieleza kwa sauti ndogo, huku akiangalia sakafu, na hakimu akamwomba arudie vipimo. Makao walipatikana na hatia. Mwanaidi alirudi Unguja na nakala ya hukumu, akiwa sasa anajua kila kitu alichopitia babake. Sijui kama nilimfaa.

Nyinyi mnaoanza kazi hii, ombeni ruhusa ya wafiwa mapema, mpige picha kabla ya maji. Si dharau kwa maiti. Mimi nimestaafu. Ustadhi alishika neno lake, na kuosha kumeniangukia mimi. Kila ninapomgeuza mtu ubavu, huomba nikute ngozi nzima.