Na Mama Mkwe Hadi Kwenye Mnara wa Taa

Mume wangu alikuwa mtu wa pwani, lakini alifia Iringa, na katika watu wa kwao hakuna aliyekuwapo. Masika yalikuwa yamekata barabara. Tulimzika siku ileile, kama dini inavyotaka, na mama yake akapata habari mwanawe akiwa tayari ardhini. Ndiyo maana eda ilipokwisha niliitwa pwani.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, barabara yote vumbi. Basi likateremka mlima wa Kitonga, joto likaanza, nikavua sweta, baadaye nikavua na soksi, na njia nzima sikuwaza kitu chochote.

Shemeji yangu, kaka wa marehemu, alinipokea stendi. Kabla hata hatujafika nyumbani akaniambia, "Shemeji, mama atakuuliza mwanawe alisema nini mwisho. Hapati usingizi kwa ajili ya jambo hilo. Mwambie alimtaja yeye."

Nikasema sawa. Siku zile kila kitu nilikuwa nasema sawa. Ukiniambia kaa, nakaa. Ukiniambia kula, nakula, na ukiniuliza baadaye nimekula nini, sijui. Lakini ukweli niliujua vizuri: mume wangu hakumtaja mama yake.

Nyumba ilijaa wanawake. Wote walikuja kumpa pole mama mkwe, wakamshika mikono, wakalia naye. Mimi niliwekewa mkeka pembeni na sahani ya wali. Mmoja akasema, bila kujisumbua kupunguza sauti, "Watu wa bara hawa, macho makavu." Sikumchukia, maana alisema kweli. Hata Iringa sikulia. Mama yangu mzazi, Mbena wa kanisani, mkulima, alikuwa amenisihi, "Lia mwanangu, watakusema." Nilijaribu. Nilikata vitunguu vya msiba mzima, na hata hivyo havikunisaidia.

Asubuhi moja mama mkwe akajitanda kanga yake, akaniambia, "Mwanangu, twende ukauone mnara wa taa. Si mbali, na njia yake nyepesi." Nikajua ananitoa kwenye masikio ya watu ili aniulize. Nikasema sawa.

Njia ilipita kwenye vilima vya mchanga. Wao wanaviita vilima. Kwetu hata mbuzi asingejua kwamba amepanda. Mama mkwe aliniambia nivue viatu nitembee vizuri, nikakataa kwa ukaidi tu, vikajaa mchanga, nikawa navikung'uta kila baada ya hatua chache huku yeye akinisubiri. Aliweka mkono begani kwangu. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Akawa anazungumza mambo madogo madogo: majani haya yanayotambaa ndiyo yanayoushika mchanga usihame, huku upepo hautulii, mwanawe alipokuwa mtoto alikuwa akipita hapa kila siku kumpelekea mjomba wake chakula, enzi hizo mjomba ndiye aliyekuwa mtunza taa. Mimi moyoni nilikuwa narudia sentensi ya shemeji nisije nikaikosea. Alikutaja, mama. Alikutaja, mama.

Mume wangu alinisifia mnara ule miaka yote ya ndoa yetu. Wa enzi za Mjerumani, alisema, hujaona kitu kirefu namna hiyo. Nilipouona nilikasirika. Ulikuwa mfupi, mnene, chokaa imebanduka, kutu inachuruzika chini ya madirisha. Jiwe la Gangilonga, kule kwetu Iringa, lingeumeza. Kama angekuwa hai ningemgombeza palepale.

Tukakaa kivulini, kwenye kizingiti cha mlango wake. Juu yetu tulimsikia mtunza taa wa sasa akisugua vioo. Mama mkwe akakung'uta mchanga kwenye kanga yake, akauliza.

"Mwanangu alisema nini mwisho?"

Nikafungua mdomo. Sentensi ilikuwapo, tayari kabisa. Lakini uongo unataka mtu mwenye nguvu ya kuusimamia, na mimi nguvu hizo sikuwa nazo.

"Alitoka Mufindi juu ya lori la mbao, mama, mvua yote ikamwishia. Kichomi kikamshika. Mwisho alisema nifunge dirisha, baridi inaingia. Basi. Hakusema kingine."

Nilingoja uso wake ubadilike. Haukubadilika.

"Ukalifunga?"

"Nililifunga. Nikachukua na koti langu nikamwekea juu ya blanketi."

"Akapata joto?"

"Aliacha kutetemeka."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, jinsi wale wanawake walivyomshika yeye.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Ahsante kwa kumfunika."

Pole nilikuwa nimepewa nyingi, Iringa na pwani, zikanipita zote. Ahsante hakuna aliyewahi kunipa. Sauti iliyonitoka sikuitambua kuwa ni yangu. Nililia kwa kelele, bila haya, kamasi zinanitoka, uso wangu kwenye mapaja ya mama mkwe, na yeye akanipapasa mgongo, macho yake makavu. Juu kusugua kukakoma. Mtunza taa akashuka ngazi za chuma mbio, akasimama mbele yetu na kitambaa chake mkononi, akauliza kuna nini.

"Kafiwa," mama mkwe akamwambia. "Kafiwa na mumewe."