Mtu Aliyetusaidia Kumtoa Salmoni

Najua wapo watakaosema nimetunga. Waseme. Shule niliiacha darasa la sita, sina ujuzi wa kutunga. Naandika jambo lililonipata mimi mwenyewe hapa Durban, kwenye gati la South Beach, Julai ya mwaka 1998.

Nilikuwa na mdogo wangu, Amani. Baba alikuwa mvuvi kule Uvira, kando ya ziwa, naye alitangulia. Mama alipokuwa anakata roho aliniwekea mkono wa Amani mkononi, akasema, "Huyu usimpoteze." Nikamlea, nikavuka naye mipaka mpaka mji huu. Wakati ule alikuwa na miaka kumi na tisa, ananyoa watu kwenye saluni ile ile ninayosukia.

Jumatatu saluni ilikuwa imefungwa, tukaenda kuvua. Tulimtaka samaki ambaye watu wa Durban wanamwita salmoni, mkubwa, mwenye rangi ya shaba. Anakula chambo giza linapoanza kuachia mwanga, kwa hiyo tulifika alfajiri, baridi inauma masikio.

Mshipi wa Amani ulivutwa kwa nguvu. Tulipambana na samaki yule mpaka tukamfikisha chini ya gati, lakini gati ni refu kwenda juu, bila kulabu humtoi. Ndipo mtu mwenye sweta la sufu akatokea upande wa baharini, akashusha kulabu, akamwinua salmoni kama anaokota kofia.

"Muko watu wa Uvira," alisema.

"Eish, kaka, umetujuaje?" Amani aliuliza.

"Dada anakunja mshipi kwenye kiwiko. Ni kwetu tu wanakunja vile."

Unajua furaha ya kusikia lugha ya kwenu ugenini? Nilitaka kumkumbatia. Akatueleza kwamba alijificha ndani ya meli hapa bandarini, ikampeleka kaskazini ya mbali. Huko, alisema, kiangazi chenyewe ni baridi kuliko Julai yetu. Jua linazunguka pembeni tu, halizami. Salmoni wanapanda mto kwenda kufa walikozaliwa, na wewe unasimama majini mpaka kiunoni, miguu huisikii tena.

"Ulirudi lini?" nikamuuliza.

"Mimi sikurudi, dada."

Tukacheka. Niamini, tulicheka wote wawili.

Sasa sikiliza kosa langu. Kwetu ziwani, mtu akikusaidia kumtoa samaki humwachi aende mikono mitupu. Unamuuliza anataka nini, na mkubwa ndiye anayetoa. Baba alifanya hivyo kila siku. Nikasema, "Chagua, kaka. Kichwa ama mkia?"

"Samaki sitaki. Nakosa mutu wa kuvua naye. Kule niko peke yangu."

"Mimi niko!" Amani alijipiga kifua. "Ninyoe vichwa mpaka nizeeke? Twende!"

"Si wewe wa kusema," mtu yule akajibu, macho yake kwangu. "Mukubwa aseme."

Ningekataa ningepungukiwa na nini? Lakini adabu na utani vikanitangulia. "Haya kaka, mchukue. Ila ujue anakula sana, tena anakoroma!"

"Asante," akasema. Hakucheka.

Mwanga ulikuwa umeanza kuingia. Nikaona sweta lake linachuruzika maji, lakini saruji chini ya miguu yake ilikuwa kavu kabisa. Nikainama kumshika mkono Amani, aliyekuwa amechuchumaa kwenye samaki. Nilipoinua kichwa, mtu hakuwepo. Njia ya kutoka gatini ilikuwa moja, nasi tulikuwa tumesimama katikati yake.

Nyumbani tulimpasua salmoni, nyama ikatoka nyekundu. Jirani yetu, mzee wa Kihindi aliyevua maisha yake yote, nilimwonyesha kipande mlangoni kwake, akatikisa kichwa. "Salmoni wa hapa nyama yake nyeupe. Huyu simjui. Mtupe." Niliporudi jikoni Amani alikuwa ameshakaanga kipande na kukila.

Tangu siku hiyo hakupata joto. Desemba, Durban nzima inatoka jasho, yeye alivaa masweta mawili. Kanisani walimwombea. Daktari hakuona kitu. Februari nikaamka nikakuta kitanda kitupu, godoro limelowa chapachapa. Nilimtafuta bandarini, polisi, mochwari. Hakuna.

Julai iliyofuata, mwenye duka la simu chini ya saluni aliniita nipokee simu.

"Yaya," sauti ikasema, vile kwetu tunavyomwita dada mkubwa.

"Amani! Uko wapi?"

"Huku baridi, Yaya. Jua halizami, kwa hiyo hatupumziki."

"Rudi! Mimi mkubwa wako nakuamuru, rudi nyumbani!"

Nikamsikia akisema na mtu kando. Nilisikia maji yanakwenda kasi. "Nimemwambia unaniita," akasema. "Anasema ulishatoa."

Simu ikakatika. Haijalia tena kwa ajili yangu, na bado nafanya kazi saluni ile ile, kwa sababu namba ya duka lile la chini ndiyo anayoijua.

Wewe unayesoma, kama una mtu uliyeachiwa, usimtoe kwa mdomo wako hata kwa mzaha. Mgeni akikusaidia, mpe samaki mzima, mshukuru, ondoka. Hata kama anaongea lugha ya kwenu. Hasa kama anaongea lugha ya kwenu.