Vikombe Vilivyobaki Pangoni

Mtaani walimwita Kurunzi, kwa sababu hata jua likiwa utosini hakukosa tochi mfukoni. Alifanya kazi katika makumbusho ya mji, chumba cha wadudu, kule mwisho wa korido ambako wageni hufika wakitafuta choo. Huko ndiko ujana wake ulikoishia, akichoma pini migongoni mwa vipepeo na kuweka dawa ili wadudu walio hai wasiwale waliokufa. Mkewe, fundi cherehani, hakuchoka kumtania mbele za watu: "Wenzangu waume zao wananukia manukato, wangu ananukia dawa ya nondo." Kurunzi alicheka tu. Mke huyo ndiye mtu pekee duniani aliyemsikiliza mpaka mwisho wa sentensi.

Na ya kusikilizwa alikuwa nayo. Nje kidogo ya mji, nyuma ya machimbo ya kokoto, kulikuwa na vilima vya mawe ya chokaa vyenye mapango, na mapangoni humo waliishi mbawakawa. Si wale weusi wanaojigonga kwenye taa wakaangukia kwenye mchuzi. Hawa walikuwa na rangi ya chai hafifu, wadogo kama punje ya mchele, na macho hawakuwa nayo kabisa. Kurunzi alimsimulia mkewe habari zao jikoni, mama wa watu akimenya viazi.

"Mababu zao waliishi msituni, chini ya majani yaliyooza. Mvua zikagoma, msitu ukakauka, jua likawamaliza wote isipokuwa waliojipenyeza kwenye nyufa za mawe. Mle ndani kuna unyevu. Wakabaki humo humo."

"Wakapofuka kwa kukaa gizani?"

"Hapana, mke wangu, si hivyo. Kila kizazi huzaliwa wachache wenye macho mabovu. Huku nje mwenye jicho bovu analiwa siku hiyo hiyo. Gizani nani atamwona? Tena chakula chenyewe kule ni cha kubahatisha, kwa hiyo asiyelisha macho anabakiwa na cha kulisha miguu na vipapasio. Ndiyo maana vipapasio vyao vimekuwa virefu kuliko mwili. Dondosha kipande cha nyama upande huu wa pango, wa upande ule anasikia harufu."

"Na mabawa je?"

"Yalipotelea njiani. Waruke waende wapi?"

Lakini kilichomnyima usingizi kwa furaha ni kwamba kila pango lilikuwa na watu wake. Kati ya kilima na kilima kulikuwa na udongo mzito usio na ufa, na mbawakawa wa pangoni hawezi kuuvuka. Ndugu wakatengana, kila mmoja akaishi na shida za pango lake, hata wakawa si ndugu tena. Pango moja walikuwa na tumbo la duara, la pili shingo ndefu kama ya chupa. Na katika kile kilima kidogo cha mwisho, ndani ya tundu ambalo mtu huingia kwa kutambaa, walikuwamo wale aliowapenda kuliko wote: wembamba, miguu kama nywele, wapole mno. Jike lao hutaga yai moja tu, kubwa, kisha hukaa muda mrefu kabla ya kutaga jingine. Hawakuwa na haraka ya kuzaana, kwa kuwa hawakuwahi kuwa na adui.

Machimbo yalipokikaribia kilima hicho, Kurunzi alikwenda kupiga kelele kwenye kamati ya mji. Wakamwambia: kama kuna mdudu asiyepatikana kwingine, tuletee tumwone, nasi tutakiacha kilima. Alirudi nyumbani akiruka kama mtoto.

Kesho yake akatambaa pangoni, akafukia vikombe vya plastiki kwenye tope mpaka midomo yake ikawa sawa na ardhi, akatia ndani nyama iliyovunda. Kwa kawaida hutiwa pia maji ya dawa yanayowaua na kuwahifadhi. Hakuyatia. Walikuwa wachache mno, alitaka kuchukua wawili hai na kuwarudisha wengine. Na kwa kikombe kikavu kuna amri moja, ambayo Kurunzi mwenyewe aliwafundisha wote waliopita chumbani kwake: ukikitega leo, kirudie kesho. Mbawakawa akishaingia hatoki. Kuta zinateleza, na mabawa hana.

Jioni ile simu ikalia. Kaka yake mkubwa, mjane asiye na mtoto, aliyeishi mji wa mbali, ameanguka, ni kiharusi. Kurunzi akaanza kutupia nguo kwenye begi.

"Na vikombe vyako?" mkewe akauliza.

"Nitarudi kesho kutwa."

"Nielekeze, nitaenda mimi."

"Utateleza humo. Tena njia yenyewe huijui."

"Si ndiyo maana nakwambia nielekeze?"

"Acha, mama. Siku mbili haziui mtu."

Akaondoka. Kaka alikuwa amekufa upande mmoja, hata kijiko hakukishika. Kurunzi akamlisha, akamwogesha, akamgeuza kitandani. Vikombe alivikumbuka, tena sana. Akiwa kwenye benchi la hospitali alisema kesho, na kesho kaka akazidiwa. Alifikiria kumpigia mwenzake wa chumba cha ndege, lakini bwana yule alikuwa na kitambi ambacho kingebaki nje ya tundu kikimsubiri mwenyewe. Mkewe aliuliza kwenye simu, mara ya kwanza, mara ya pili. Ya tatu Kurunzi akawa mkali: "Ndugu yangu anakufa, wewe unaniuliza wadudu!" Hakuulizwa tena. Ukweli ni kwamba alikuwa anaona aibu, na aibu ikiachwa hukua.

Kaka akafa, wakazika. Kurunzi aliporudi, majira yalikuwa yamebadilika.

Alitambaa pangoni. Vikombe vilikuwa vimejaa. Walilaliana, vipapasio vimefungamana, wa juu wamefia juu ya wa chini. Nyama iliwaita wa kwanza. Wa kwanza walipokufa, harufu yao ikawaita wengine, kwa kuwa chakula chao ni maiti. Vipapasio vilivyowaokoa tangu mvua zilipogoma ndivyo vilivyowaongoza shimoni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nguo wao hawakuwa nayo. Walikuwa na Kurunzi.

Akalia kwa sauti, peke yake. Kisha akamulika kila ufa mpaka tochi ikawa nyekundu. Alirudi siku nyingine, na nyingine. Aliweka nyama juu ya jiwe, wazi, isiyo na mtego. Ikaota ukungu tu. Ukoo mzima ulikuwa umekwisha, na aliyeumaliza ni mtu pekee aliyewahi kuuona.

Siku ya kamati aliwamimina kwenye chupa, akaenda akiwa ameamua kusema kweli. Mwenyekiti, mama mwenye miwani, akaiinua chupa dirishani.

"Jamani, wote hawa? Tulidhani utatuletea wawili watatu."

"Lakini wamekufa," akasema mtu wa machimbo.

"Hawa wamekufa. Kama ameokota wengi hivi, pangoni si watakuwa wamefurika? Au sivyo, mzee?"

Kurunzi alifungua kinywa. Aliona kilima kikisagwa kuwa kokoto mbele ya macho yake. Akafunga kinywa. Wakaandika kwamba amekubali.

Kilima kikaachwa. Mashine zikahamishwa, na jirani yake, mpakiaji wa kokoto, akamwaga unga na kuacha kumsalimu. Tunduni pakatiwa geti la chuma, na ufunguo akapewa Kurunzi, kwa makofi. Kila wiki alienda na kurudi na magoti yenye tope. Mkewe aliuliza kama amewaona, naye akajibu kwamba wamejificha. Akakonda. Utani wa dawa ya nondo ukaisha nyumbani, kwa sababu hapakuwa na wa kuucheka.

Asubuhi moja mkewe alifunga cherehani, akavaa viatu vya kufungwa kamba. "Leo nakwenda na wewe," akasema. Kurunzi hakuwa na nguvu ya kukataa.

Mkewe alitambaa vizuri kuliko alivyotarajiwa. Hakuteleza. Walikaa juu ya jiwe, Kurunzi akazima tochi kama kawaida yake. Maji yalidondoka mahali. Mkewe alisubiri, akapapasa tope mbele yake, mkono ukatumbukia kwenye vishimo, kimoja baada ya kingine, vya duara, saizi ya vikombe. Akaelewa.

"Nilikwambia nielekeze," akasema, taratibu, bila ukali.

"Uliniambia," Kurunzi akajibu.