Khanga Ndani ya Tarumbeta

Jumamosi ile tulikuwa barazani kwa kaka yangu Kaanaeli, kule Maji ya Chai, tunasugua matarumbeta kwa majivu na ndimu. Kesho yake kulikuwa na harusi usharikani. Kaka alipiga sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo; mimi nilipiga besi. Watu walishazoea kuona mwanamke amekumbatia besi, ila yeye hakuchoka kunitania.

"Ndeshi, ukilipuliza hilo, ng'ombe wa jirani wanakata kamba."

Nikamwambia asugue, atunze mashavu yake.

Harusi haikufanyika. Vita tulivyokuwa tunavisikia redioni vilifika barabara kuu alfajiri ile. Gari likapita na kipaza sauti: kila mtu abaki ndani, hakuna mikusanyiko, hakuna kelele, atakayetoka asimlaumu mtu. Mimi nilikuwa nimelala pale pale, nikakwama na kaka, mkewe Mama Neema, na besi langu.

Siku tatu tulisikiliza risasi. Siku ya nne kaka alisema amechoka kuogopa. Akachukua khanga ya mkewe, akaisokomeza kwenye kinywa kipana cha tarumbeta, sauti ikatoka kama ya mtu mwenye mafua. Besi langu lilikula khanga mbili. Tukafunga madirisha, tukapiga nyimbo za harusi, za Krismasi, hata za baa ambazo mchungaji asingependa kuzisikia. Mama Neema alicheza jikoni, mwiko mkononi. Nasema ukweli, sijawahi kufurahia muziki kama siku zile. Nilikuwa na hasira, na kupiga ndiko kulikoniwezesha kuibeba.

"Kukaa ndani tumekaa," alisema kaka. "Kukaa kama maiti, hapana."

Siku ya tisa majani ya ng'ombe wa kaka yaliisha. Kaka alichukua panga akaenda kukata shambani, upande wa barabara. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Tulisikia mlio mmoja.

Tulipomkuta, panga lilikuwa bado mkononi.

Tulimbeba kwa blanketi, tumeinama, kupitia migombani. Tukachimba wenyewe, wanawake wawili, nyuma ya zizi.

Kwetu mpiga tarumbeta hashushwi kaburini kimya. Wenzake husimama pembeni, kila mmoja na sauti yake, wakampigia mpaka udongo umfunike. Kaka mwenyewe aliwapigia wengi. Lakini Mzee Samweli wa sauti ya pili alikuwa kwake ng'ambo ya korongo, na Eliya wa sauti ya tatu alikuwa nyuma ya kanisa. Kuwaita ilikuwa ni kuwaua. Nikamwambia Mama Neema tumzike tu, tutampigia amani ikirudi.

Akaingia ndani, akatoka na besi langu. Akazivuta khanga zote mbili. Moja akajifunga kiunoni, nyingine akamfunika mumewe uso.

"Piga, wifi. Wakija, watanikuta mimi kwanza."

Nikapiga. Besi peke yake si wimbo. Sauti ilikatika mara mbili. Nilijikasirikia, nikarudi mwanzo.

Ubeti wa pili, ng'ambo ya korongo, Mzee Samweli akaingia. Kisha Eliya.

Sauti ya kwanza hakuna aliyeigusa. Kila mmoja wetu alijua yake tu, ndivyo tulivyofundishwa. Pengo lile nililisikia kuliko besi langu mwenyewe.

Ndipo watu wakaanza kuimba. Ndani ya nyumba zao, milango imefungwa, jirani baada ya jirani, waliimba sehemu ya kaka.

Wenye bunduki walikuja tukiwa tumeshamaliza kufukia.

Mmoja akauliza nani ameruhusu kelele.

"Mwenye nyumba amelala hapo," alisema Mama Neema. "Muulize."

Wakalibonyeza besi langu kwa kitako cha bunduki, wakaondoka.

Miaka imepita. Besi lilinyooshwa, ingawa noti za chini hazitoki vizuri. Wapo wanaosema siku ile tuliwashinda. Hatukumshinda mtu. Kaka alikufa kwa ajili ya majani ya ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe hatunaye tena. Lakini alizikwa kwa muziki, na asije mtu akaniambia hilo ni dogo.

Tarumbeta lake Mama Neema hajampa mtu. Khanga bado imo ndani, vilevile kaka alivyoisokomeza.