Jiko la Vigae Nyuma ya Trela

Shangazi yangu akienda kuchagua trela hutanguliza pua. Siku ile kwenye uwanja wa muuzaji alifungua mlango, akachomeka kichwa ndani, akavuta pumzi ndefu kama mtu anayenusa maziwa yaliyolala, kisha akageuka.

"Hii imelowa."

"Imelowa wapi, mama? Kavu kama kiberiti!" muuzaji akasema.

"Sasa manukato umepulizia ya nini?"

Muuzaji akacheka mwenyewe. Tukahamia nyingine.

Trela ninazozisema si zile za mizigo zinazofuata malori. Hizi ni vijumba vya magurudumu mawili, vyenye kitanda, sinki na dirisha, vinavyovutwa na pikapu. Shangazi anaishi humo kwa sababu ya kazi yake. Ni fundi wa pampu za visima. Pampu ikifa kwenye shule au zahanati ya mbali, anaitwa yeye, na huko anakoitwa hakuna nyumba ya wageni, wakati mwingine hakuna hata nyumba. Akimaliza anafunga vitu vyake na kuhama. Nyumbani tunamwita Kiguu na Njia, naye anaitika bila kununa. Hata akiwa amekaa mezani goti lake linatikisika mpaka vikombe vinalia, na baba yangu, ambaye ni kaka yake, humuuliza, "Hilo goti lina njaa kuliko sisi?"

Trela yake ya zamani ilikufa kifo cha aibu. Paa lilikuwa na ufa mwembamba ambao hata unywele ungepita kwa shida, lakini maji yalipita. Yakashuka ndani ya ukuta polepole, mvua hadi mvua, yakaila sakafu kutoka chini. Asubuhi moja akiwa anapiga mswaki, mguu ukatoboa sakafu ukatokea nje. "Nilikuwa nyumbani na barabarani kwa wakati mmoja," alituambia. Tulicheka, ila jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Jumatatu msafara wa mafundi ulikuwa unaondoka kwenda visima vya mbali, kazi ya mwaka mzima, na sharti lilikuwa moja: kila mtu aje na mahali pake pa kulala. Asingekuwa na trela, nafasi angepewa mwingine.

Nilikuwa likizo, na nyumbani nilikuwa siwezi kukaa, kwa hiyo nilimfuata uwanjani na maswali yangu yote.

"Kanyaga pembeni," aliniambia ndani ya trela ya tatu au ya nne. "Sio katikati. Katikati kila mtu anapatazama."

Nikakanyaga pembeni. Nikabonyeza chini ya dirisha kwa kidole gumba, kama alivyonionyesha. Ukuta mzima unakusukuma, alisema, ukuta uliooza unakukaribisha. Kisha tukachutama kwenye matairi. Mimi niliona vimeno vipya kabisa nikashangilia. Yeye akanionyesha ubavuni, mahali mpira ulipopasuka vistari vyembamba kama kisigino kisichopakwa mafuta.

"Tairi la trela haliuawi na kutembea," akasema. "Linauawa na kusimama."

"Kama wewe, shangazi."

"Kama mimi kabisa. Inuka, twende."

Muuzaji alituvuta hadi kwenye trela kubwa inayong'aa. "Mama, hii ina vitanda vinne!"

"Vya nani?"

"Vya wageni!"

"Wageni wangu wana kwao." Akageukia pikapu yake iliyokuwa imeegeshwa getini. "Muulize yule kwanza kama ataweza kuivuta. Watu wanapenda trela halafu ndipo wanakumbuka gari. Ni kama kununua mzigo halafu utafute punda."

Mwishoni alichagua fupi, yenye sura mbaya na pazia la rangi ya haradali. Ilikuwa hainuki kitu chochote. Akalala chini mgongo mchangani akaimulika tumboni kwa tochi, akatoka na kutu kwenye nywele, akasema, "Hii."

Tulipoifikisha nyumbani, baba aliizunguka akiigonga kwa kiungo cha kidole. Baba ni mwashi. Kwake kitu kisichojibu "du" si ukuta.

"Dada, hili ni boksi la biskuti."

"Biskuti mimi."

"Chumba ninachokujengea uani kimefika madirishani. Nikikazana, ndani ya mwezi unaingia."

"Kizuri," shangazi akasema, kwa sauti ile ya kusifia mtoto wa jirani. Kesho yake akaondoka na pikapu kwenda kutafuta grisi na vipuri vya pampu, akatuachia trela uani.

Baba alizunguka uani asubuhi nzima. Akaingia ndani ya trela, akatoka, akaingia tena. Mchana akaja na mfuko wa saruji. "Kama hataki kukaa kwangu," aliniambia, "basi angalau apike kama binadamu." Akajenga jiko kule nyuma kabisa, chini ya dirisha: meza ya zege juu ya ubao mnene, vigae vyeupe vyenye ua la buluu vilivyobaki kwenye kazi yake, na kabati la mbao ngumu hadi juu, likakazwa ukutani kwa skrubu ndefu. Mimi nilikuwa nampa vigae kimoja kimoja. Lilipendeza mno. Baba alivifuta kwa shati lake mwenyewe, akarudi nyuma kuangalia, akavifuta tena.

Shangazi alirudi Jumamosi. Alifungua mlango akasimama. Akaweka kiganja juu ya vigae.

"Kaka. Umejenga."

"Nimejenga!"

Goti lake lilikuwa limetulia. Hilo ndilo lililonitisha. Akasema tu, "Twendeni tukaijaribu barabarani."

Tulibanana watatu mbele ya pikapu. Kwenye barabara ya maghala, ambako siku ile hapakuwa na magari, aliongeza mwendo kidogo. Mwanzo niliona kwenye kioo pazia likicheza. Kisha trela yote ikaanza kwenda kulia, kushoto, kulia, kila mara zaidi, na mkia wa pikapu ukaanza kuburutwa nayo.

"Breki! Funga breki!" baba akapiga kelele.

"Nikifunga itatupita!"

Aliondoa tu mguu kwenye mafuta, akashika usukani ukiwa umenyooka, mikono imekauka kama mbao. Trela ikayumba, ikayumba, ikachoka. Tukasimama. Baba alikuwa bado ameng'ang'ania dashibodi.

"Kaka," shangazi akasema taratibu. "Ukibeba ngazi begani, ukaishikia karibu na ncha ya mbele, mkia wote uko nyuma. Ukigeuka inakuwaje?"

"Inapiga watu."

"Haya."

Baba akageuka akaitazama trela kupitia kioo cha nyuma. "Uzito unatakiwa juu ya magurudumu."

"Na mbele kidogo, ili pua yake iilalie pikapu. Nyuma, nguo na mito."

"Uliona toka ulipofungua mlango. Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umesimama pale na shati lina saruji," akasema. "Ningesemaje?"

Baba alikohoa. Halafu akalisema lile alilokuwa amelimeza wiki nzima. "Basi usiende. Kaa. Trela haifai, chumba kinakaribia. Mwenyezi Mungu ameshasema."

"Mungu hajasema, wewe umesema." Alikuwa anatabasamu lakini macho yalikuwa yamejaa. "Mgeni siku mbili, kaka. Ya tatu mpe jembe. Jembe langu liko kule."

Akageuza pikapu, akaturudisha nyumbani polepole.

Jumapili niliamshwa na nyundo. Baba alikuwa ndani ya trela na tindo, anabomoa. Alijaribu kuvitoa vigae vikiwa vizima, akavitukana vilipokataa. Shangazi alibeba vipande kwa ndoo bila kumtazama usoni. Lilipotoka kabati, ukutani yakabaki matundu ya skrubu, na shangazi akayahesabu kwa kidole kimyakimya, kama mtu anayeona nyoka.

"Kila tundu ni mlango wa maji," akasema.

"Nipe hiyo silikoni," baba akasema. Akaziba moja moja, akalainisha kwa kidole kilicholowa mate, kisha bila kuombwa akachukua ngazi akapanda paani kukagua viungio vyote, kuzunguka tundu la hewa, pembezoni, kila mahali. Akashuka akasema tu, "Paa lako liangalie kila baada ya msimu wa mvua, usingoje mguu utoboe sakafu." Kama vile yeye ndiye aliyemfundisha. Shangazi akasema ndiyo, kaka.

Meza mpya aliyoitengeneza baba ilikuwa ya ubao mwepesi, ikakaa katikati ya trela, usawa wa magurudumu. Ilikuwa mbaya kidogo.

Jumatatu tulimsindikiza hadi kituo cha mafuta cha kwanza, mimi na baba kwenye pikipiki ya jirani, kwa sababu trela ikitembea kidogo lazima usimame uikague: nati zinalegea, na beringi kavu inachemka. Trela ilikuja imenyooka nyuma ya pikapu kama kondoo. Shangazi alikaza nati. Mafundi wenzake walikuwa wameshapiga honi mara kadhaa mbele barabarani.

Baba alipiga magoti akagusa katikati ya gurudumu kwa mgongo wa mkono.

"Vuguvugu tu. Salama."

"Upande wa pili?" shangazi akauliza, yuko tayari kwenye usukani, injini inanguruma.

Baba akazunguka. Akagusa. "Salama." Akarudi upande wa kwanza. "Ngoja. Hili sijaligusa vizuri."

Alikuwa ameligusa vizuri kabisa. Honi zikalia tena. Shangazi hakuzima injini, lakini mguu wake haukutoka kwenye breki, na baba akaendelea kuchutama pale, mkono juu ya chuma, anasikiliza.