Bandi za Fundi Pindo

Mume wangu ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Fundi Pindo, maana suruali haitoki mkononi mwake pindo likiwa limekwenda upande. Ataifumua tu, mwenye nguo anune asinune.

Saratani ya damu ilipompata, dada yake ndiye aliyemtolea chembe za kumwoteshea damu mpya. Wifi yangu huyo hajui kunyamaza. Alimwambia sasa ana damu ya kike, ajiandae kupenda umbea. Mume wangu akamjibu kwamba umbea alikuwa nao tangu zamani, labda sasa ndiyo atapata adabu. Tulicheka mpaka muuguzi akatutoa nje.

Akarudi nyumbani na vidonge. Daktari alitueleza kuwa dawa ile haipigi mwili mzima kama zile za mwanzo. Inawinda chembe zenye kasoro ya ugonjwa wake tu, zile zilizojificha, zisije zikaota tena. Asiache mpaka aambiwe.

Vikamchafua tumbo, vikamtetemesha mikono. Nilikuwa namwona akitunga uzi kwenye sindano, unakosa tundu, anaulowesha mate, unakosa tena. Baadaye mikono ikatulia. Akawa anakata vitambaa huku mtoto wetu akichezea vipande chini ya meza. Nikajua mwili umeizoea dawa.

Kumbe ameiacha. Nilijulia hospitali, majibu ya damu yalipotoka mabaya na daktari akamuuliza. Akajibu taratibu, kama anayemwelewesha mteja.

"Daktari, sisi nguo tunaipiga bandi kwanza, zile nyuzi za kushikiza. Ikishashonwa, bandi tunazitoa. Mimi nilijiona nimeshashonwa."

Daktari hakumkaripia. Heri angemkaripia. Alisema ugonjwa umerudi, watajaribu tena, ila safari hii hana la kuahidi.

Kwenye benchi nje, mume wangu akaniuliza nani atamwambia dada yake. Nikaenda mimi. Nilimkuta wifi anaanika nguo, nikamweleza yote. Alilikung'uta shati, akalitundika, akasimama kimya. Kwake yeye, hilo lilikuwa jambo geni.

"Mwambie damu ipo," akasema mwishowe. "Asinionee haya, ndugu yangu yule."

Nilirudi nyumbani nikamfikishia mume wangu. Akageukia ukutani. Mtoto akawa anamvuta shati, anataka kubebwa, naye hakuwa na nguvu za kumbeba.