Mwosho wa Tatu

Fundi wa maabara, ambaye wote walimwita Shangazi, alijua kumtoa mtu roho kwa utaratibu wake. Kila kifuniko alikikaza, akakilegeza, akakikaza tena, huku akivinong'oneza vimiminika kama anayembembeleza mtoto asiyetaka kuoga. Mtafiti, aliyebakiwa na siku moja kabla ya kuonyesha kazi yake ya miezi mitatu, alimtazama akisaga meno. “Shangazi, tuzioshe mara ya tatu basi! Bado zina uchafu.” Alikuwa akizungumzia punje za kwanta, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo huwaka rangi zikimulikwa. “Mbili zinatosha, baba,” akajibu bila kuinua uso. “Kila punje imevikwa molekuli za asidi ya mafuta, zimeushika uso wake kwa vichwa, mikia iko nje. Ndizo zinazozuia punje zisigandamane. Ukiosha mno, unazivua nguo.”

Alipokwenda kunywa chai, mtafiti akaziosha mwenyewe. Kimiminika kilichokuwa kikiwaka chekundu chini ya taa kikafifia, kikavurugika kama maji ya tope, punje zikashikamana na kuzama. Shangazi akarudi, akaitazama chupa, akafuta miwani kwa pindo la koti. Akafungua jokofu, akatoa kichupa kingine: nusu ya kazi ile ile, ikiwaka vizuri.

“Uliitenga lini?”

“Ulipoanza kutazama saa.”

Mtafiti akashukuru, akakipokea kichupa kwa mikono miwili. Heri angegombezwa.